Kuipumzisha Bei

Neno "uongo" halikuwamo kinywani mwa Si Mfaddal, yaani Bwana Mfaddal kwa lugha ya kwetu. Nilikaa hatua nne kutoka mlango wake kwa miaka kumi na tisa, nikiuza stempu za serikali, bahasha na wino katika kibanda changu, na miaka yote hiyo sikumsikia akisema kwamba fulani amedanganya. Alisema fulani "amelainisha." Na ukimtajia kukwepa kodi, aliweka mkono kifuani kama mtu aliyetukaniwa mama yake. Kwa maneno yake, Meknes nzima, mji wetu huu wa Moroko, haikuwa na mtu hata mmoja anayekwepa kodi. Ilikuwa na watu walioipumzisha bei tu.

Miaka miwili imepita tangu yaliyomkuta, na mimi bado sijapoa. Watu wananiambia, Mbarka, yaache hayo, hayakuhusu. Hayanihusu vipi? Fulusi zenyewe zilihesabiwa nyuma ya pazia langu, juu ya meza ninayolia chakula.

Si Mfaddal alikuwa mnakili wa hati kwa mashahidi wawili wa kadhi, katika kile kichochoro nyuma ya mahakama. Kazi ya mashahidi ni kuwasikiliza watu wanaouziana, wanaooana na wanaogawana urithi. Kazi ya mnakili ni kuyaweka hayo katika daftari kubwa, kwa mwandiko ambao kadhi hatakunja uso akiusoma. Baba yake alikuwa mwalimu wa Kurani huko mlimani Zerhoun, akamlea kwa kibao cha mbao na fimbo ya mzeituni, na mwandiko aliotoka nao huko, wallahi, ulikuwa mzuri hadi wasiojua kusoma waliomba waonyeshwe. Alikuwa mwembamba, msafi, joho lake la sufi limepigwa pasi mpaka kofia yake ya mgongoni. Kila asubuhi alinunua kwangu karatasi ya kukaushia wino, akaniuliza habari za goti langu. Hakusahau hata siku moja. Hilo ndilo linaloniuma, kwamba hakuwa mtu mbaya.

Alikuwa na desturi moja ambayo wanakili wote wanayo, ila yeye aliifanya kwa uangalifu wa mtu anayetia udhu. Mstari wa mwisho ukiishia katikati, pakabaki nafasi tupu, alivuta kistari kirefu cha wino hadi ukingoni mwa ukurasa. Zamani nilimuuliza kwa nini.

"Dada Mbarka," akaniambia, "ukiacha nafasi, kuna mtu ataongeza neno."

Maneno yake ya kazi niliyajua yote, maana kutwa nzima nilikuwa nayasikia. Bei ilikuwa na pande mbili, upande wa jua na upande wa kivuli. Ya jua ni ile inayoandikwa, ambayo serikali huikatia kodi yake. Ya kivuli ni ile inayopita mkono kwa mkono kabla watu hawajaingia kwa mashahidi. Mtu akija kuuza shamba la laki tatu, Si Mfaddal alimuuliza kwa upole, "Tuipumzishe hadi ngapi?" Na kwenye hati palikuwa na maneno mawili madogo yaliyobeba mzigo wote. Mashahidi wakiziona fulusi zikihesabiwa mbele yao, hati husema muuzaji amepokea thamani yake "kwa kuona." Wasipoziona, husema amepokea "kwa kukiri," yaani kasema mwenyewe kwamba keshapokea, na sisi hatujui zaidi. Katika miaka ile kumi na tisa sikuwahi kusikia kwamba Si Mfaddal ameandika "kwa kuona."

Siku moja alikuja mkulima mmoja wa huko milimani, kofia ya majani mkononi, na sauti ya mtu aliyezoea kuita ng'ombe ng'ambo ya bonde. Si Mfaddal akamweleza jua na kivuli. Mkulima alisikiliza, akakuna kidevu, kisha akauliza na kichochoro kizima kikasikia:

"Kwa hiyo tunaiibia serikali?"

"Astaghfirullah! Nani kataja wizi hapa?"

"Nauliza tu, bwana. Nauza kwa laki tatu, tunaandika laki moja. Sasa hizo laki mbili zimekwenda wapi?"

"Punguza sauti, mzee wangu. Hazijakwenda popote. Tunaipumzisha bei."

"Kwani imechoka na nini?"

Nilicheka hadi nikamwaga maji ya kulowanishia stempu. Watu wote walicheka, hata mashahidi wenyewe, wazee wenye ndevu zao. Mkulima naye akaipumzisha bei kama wenzake, akaenda zake. Nalikumbuka lile cheko langu sasa na nasikia aibu.

Si Mfaddal alikuwa na mtoto mmoja tu, Batoul. Mumewe alikuwa dereva wa lori, akafa kwenye kona moja ya njia ya Khenifra, na bima ikamzungusha mjane miaka minne ndipo ikamlipa. Kwa miaka hiyo yote Batoul aliishi na binti zake wawili katika chumba cha kupanga, kwa mwenye nyumba aliyehesabu hata ndoo za maji. Alikula kwa vifungo. Alikaa kwenye godoro na uzi wa hariri, akisuka vile vifungo vidogo vya majoho, arobaini kwa siku, mpaka kucha zikawa na mifereji. Alipopata fulusi za bima hakutaka mkufu wala kwenda Makka. Alitaka nyumba.

"Nataka mlango," aliniambia, "ambao nikishaufunga hakuna wa kunigongea."

Ikapatikana nusu ya nyumba katika mtaa wa Zituni, nyumba ya zamani yenye ua wa ndani na mlimau katikati. Nusu ilikuwa ya Abdelhaq, kijana aliyetaka kuhamia Agadir kufungua duka la matairi. Nusu nyingine ilikuwa ya shangazi yake, Lalla Zhor, yaani Bibi Zhor, mwanamke wa miaka sabini na ushei aliyeishi vyumba vya juu. Abdelhaq alitaka laki tano na elfu ishirini kwa nusu yake. Bima yote ilikwenda hapo. Mkanda wa dhahabu wa harusi yake Batoul ukauzwa. Elfu thelathini za mwisho alizitoa baba yake.

Mimi si mwanasheria, lakini ukiuza stempu nyuma ya mahakama unaokota mawili matatu. Nikamwambia, "Si Mfaddal, na shufaa je?"

Shufaa ni haki ya mshirika. Mwenzako akimuuzia mgeni nusu yake, unaweza kumfuata yule mgeni, ukamrudishia thamani iliyoandikwa na gharama za hati, ukaichukua ile nusu. Si Mfaddal aliijua kuliko mimi. Alikuwa ameandika hati za shufaa chungu nzima.

Akatabasamu. "Lalla Zhor? Ana nini yule zaidi ya paka na redio?"

"Basi mpelekee taarifa rasmi. Si ukishampelekea, siku thelathini zikipita hana dai tena?"

"Nimpelekee hati yenye bei ya jua, ampe jirani amsomee? Kesho itakuwa imefika kwa muuza mkate. Niache, dada. Bila taarifa ana mwaka mmoja, na mwaka utapita."

Wakaja asubuhi ya Jumatatu, Batoul, baba yake na Abdelhaq, wakaingia nyuma ya pazia langu. Mimi ndiye niliyehesabu, kwa kuwa nina mkono mwepesi. Batoul alikuwa amekaa kwenye kiti changu, mikono katikati ya magoti.

"Baba," akasema, "kwa nini tusiandike zote tu?"

"Kodi na ada zingekula elfu ishirini nyingine, mwanangu. Elfu ishirini ni vigae vya jikoni lako. Na huyu bwana naye hataki."

"Mimi sitaki kabisa," akasema Abdelhaq, macho kwenye mabunda. "Nikatwe kodi ya faida kwa nyumba ya babu yangu?"

Wakatoka, wakaenda hatua nne, wakaingia kwa mashahidi. Si Mfaddal akaandika kwa mkono wake mwenyewe kwamba Batoul amenunua nusu ile kwa dirham laki moja na elfu themanini, na kwamba muuzaji amezipokea zote kwa kukiri. Watu walisema hakuwahi kuandika hati nzuri kama ile. Stempu zake niliziuza mimi.

Miezi tisa Batoul aliishi vizuri. Jikoni kuliwekwa vigae vya kijani. Watoto walipata mlimau wa kupanda na bibi wa kuwadekeza, kwa sababu Lalla Zhor aliwapenda tangu siku ya kwanza. Aliwaita vifaranga vyangu, akawafundisha kukanda mkate, akawasindikiza na sinia hadi kwenye tanuri la mtaa. Alikuwa na mwana mmoja, Bouazza, mwashi huko Torino, Italia, ambaye alimpigia simu kila Jumapili na kumwahidi kila mwaka kwamba atarudi kuoa.

Ijumaa moja Batoul alinialika kuskusi, chakula chetu cha siku hiyo. Tulikuwa sita kwenye sinia, sisi wanawake watatu, watoto wawili na Si Mfaddal, uani chini ya mlimau. Lalla Zhor alikuwa akiwachambulia watoto nyama, ghafla akasema:

"Si Mfaddal, nikuulize kitu, usinichukie."

"Uliza, Lalla. Wewe ni wa nyumbani."

"Nusu hii mlimpa Abdelhaq kiasi gani? Nilimuuliza siku anaondoka, akaniambia laki na themanini. Nikajisemea, kijana huyu ananipiga changa la macho, anaficha nisije nikamkopa. Laki na themanini siku hizi hupati hata zizi la punda!"

Kijiko changu kikabaki hewani. Batoul aliweka chini bakuli la mchuzi. Swali lilikuwa limekuja lenyewe, mbele ya chakula, kutoka kwa mtu aliyewapenda watoto wa Batoul. Nikajiambia, sasa anamwambia, wacheke, yaishe.

"Lalla, kwa kweli ni kwamba..." Batoul alianza.

"Ni hiyo hiyo," baba yake akamkata. "Alikuwa na haraka ya safari."

"Wallahi?"

"Kama ilivyoandikwa, Lalla."

Sijui kama mnasikia alichofanya hapo. Hakuapa. Mtu wa dini, hawezi kuapa uongo juu ya kuskusi ya Ijumaa. Akampa tu yale maneno matatu, laini, yaliyopigwa pasi kama joho lake, na mwanamke asiyejua kusoma akayapokea kwa mikono miwili.

"Kama imeandikwa basi imeandikwa," Lalla Zhor akasema. "Karatasi zako nazisikia sifa zake." Akaendelea kuchambua nyama, lakini polepole, kama mtu anayepiga hesabu.

Nilimsubiri Si Mfaddal mlangoni. "Wewe mtu una akili timamu? Kwa nini hukumwambia?"

"Nimwambie nini? Bei ya kivuli? Leo kwa Lalla, kesho kwenye tanuri, keshokutwa ofisi ya kodi. Mashahidi wangu watavuliwa kazi, na mkono uliowavua ni wangu."

"Na akidai shufaa?"

"Kwa fulusi gani, Mbarka? Kwa fulusi gani?"

Wiki tatu baadaye nilikuwa nakunywa supu ya asubuhi kibandani pangu, nikamwona Batoul anakuja mbio, kiatu mguu mmoja, nyuzi za hariri bado zimening'inia shingoni. Mkononi alikuwa na karatasi ya mahakama. Akanisukumizia. Nikaisoma mimi. Lalla Zhor alikuwa anadai nusu ya Batoul kwa shufaa, kwa thamani iliyotajwa katika hati, dirham laki moja na elfu themanini, pamoja na gharama zake.

Tulipanda ngazi za Lalla Zhor sote wawili. Alitukaribisha kama kawaida, akaanza kutafuta nanaa ya chai.

"Unanitoa, Lalla?" Batoul akauliza. Sauti haikuwa yake.

"Sikutoi kwa ubaya, mwanangu. Kaa chini. Bouazza wangu anarudi! Nilimwambia bei kwenye simu, akasema, mama, kwa bei hiyo hata mimi naweza, nyumba ya babu irudi yote kwetu. Kauza gari lake la kazi, kakopa kwa wenzake. Na wewe fulusi zako unarudishiwa zote, usiwe na wasiwasi. Na vifaranga vyangu watakuja kila siku."

"Zangu zote? Nililipa laki tano na elfu ishirini!"

Lalla Zhor akabaki na nanaa mkononi. "Nani alilipa?"

"Mimi! Bima ya mume wangu yote! Mkanda wangu!"

"Nilimuuliza baba yako. Tonge mkononi nilimuuliza."

"Alidanganya."

Lilikuwa neno la kawaida tu, watoto hulisema kutwa. Lakini Batoul alipolisema juu ya baba yake alijishika mdomo, na Lalla Zhor akakaa kwenye ukingo wa godoro bila kuangalia anakaa wapi.

"Alidanganya siku ile," akasema kizee yule, "au unadanganya wewe leo? Nitajuaje? Mbarka, wewe ulikuwepo. Uliziona hizo fulusi?"

"Nilizihesabu mimi, Lalla."

"Na kwenye kuskusi ukakaa ukala ukanyamaza."

Kila Ijumaa sinia ikiwekwa nayasikia maneno hayo.

Lalla Zhor alilia kidogo, kisha akafuta uso kwa ncha ya kitambaa. Alisema kwa bei ya kweli asingethubutu hata kuota, angeendelea na paka wake. Alisema mwanawe keshavunja maisha yake ya huko kwa ajili ya karatasi ile. Kisha akasema jambo ambalo nililishika kama mtu anayezama.

"Sikiliza, Batoul. Siwezi kumwambia mwanangu nimeacha kwa sababu ya maneno ya ngazini. Ataniambia nimeishiwa akili. Baba yako alinipa bei ya karatasi, basi anipe na hii kwa karatasi. Aandike kilicholipwa kweli, kwa mkono wake, mbele ya mashahidi wake. Siku hiyo hiyo naacha dai langu, na deni la Bouazza tutajua wenyewe."

Haki gani zaidi ya hiyo? Tulishuka tukikimbia. Nilidhani tumepona.

Si Mfaddal alitusikiliza amesimama mbele ya kibanda changu, na uso wake ukawa unapauka kadiri tulivyosema. Alitazama kushoto na kulia kabla ya kujibu.

"Kuna namna ya kulilainisha hili," akasema.

"Hakuna namna, baba. Andika iliyolipwa."

"Naweza kuandika kwamba palikuwa na hisani ya ziada kati ya pande mbili, bila kutaja..."

"Hisani? Mkanda wangu ni hisani?"

"Batoul, punguza sauti. Mashahidi wana watoto. Hati ile ina mihuri ya kadhi. Nikiandika namba ile, nimeandika kwamba sisi watatu tulitia uongo... tuliipumzisha bei mbele ya mahakama. Ni jela, mwanangu. Na ikianza hiyo moja, watafungua daftari zote. Za miaka yote."

"Bei imepumzika vya kutosha, baba. Sisi tutapumzika wapi?"

Si Mfaddal aliinama akaniuliza, mimi, habari za goti langu. Wallahi aliniuliza habari za goti. Nilitamani kumpiga na droo ya stempu.

Alikwenda kwa mwanasheria kwa siri. Mwanasheria akamwambia hata akisema, hakimu atasoma mwandiko wake kwanza, na watu wa kodi watausoma baadaye. Abdelhaq hakushika simu. Mashahidi nao walikosa usingizi. Walikuwa wanaogopa kesi isije ikafika mahali pa kuulizana maswali, wakasema heri jambo hili limalizwe kimya ofisini kwao, kwa hati ya kukubali shufaa. Na hati ya ofisi ile ilikuwa na mwandishi mmoja tu.

Ilikuwa Alhamisi, saa nne asubuhi. Niliitwa na stempu zangu. Mashahidi wawili walikaa kwenye benchi lao, Batoul kwenye kiti cha mbao, na Si Mfaddal mezani pake na daftari kubwa limefunguliwa. Lalla Zhor alikuja na kitambaa cha kufunikia mkate. Alipokifungua zilikuwa fulusi, mabunda yamefungwa kwa nyuzi.

"Hapa hakuna kukiri," alisema. "Nimeelezwa habari za kukiri kwenu. Nataka zihesabiwe mbele ya macho yenu, na iandikwe kwamba mmeziona."

Shahidi mkubwa akahesabu, kidole anakilamba. Chumba kizima kilikuwa kinasikia karatasi tu. Laki moja na elfu themanini, na gharama za hati kando. Akazisukuma mbele ya Batoul. Batoul hakuzigusa.

Si Mfaddal akaanza kuandika. Herufi zilitoka zimesimama vizuri kama siku zote, na alikuwa akizisoma kwa sauti ndogo huku akiziandika, kama ilivyo kawaida. Batoul binti Mfaddal amekubali shufaa ya mshirika wake. Amepokea thamani yake yote. Akafika hapo akasita, akachovya kalamu, akaandika: kwa kuona.

Hati ile haikuwa na uongo hata mmoja. Alingoja miaka kumi na tisa kuiandika, na ilikuwa inamtoa mwanawe nyumbani.

Maneno yaliishia katikati ya mstari. Nusu nzima ya mstari ilikuwa nyeupe.

"Baba," akasema Batoul.

Alikuwa amesimama. Hakupaza sauti.

"Na ile bei nyingine, baba. Iandike na ile. Hapo pana nafasi."

Lalla Zhor akaweka mkono juu ya mabunda yake. "Akiandika," akasema, "nafunga kitambaa changu naondoka. Nimetoa neno langu na nipo hapa."

Mashahidi waliangalia viatu vyao. Hakuna aliyesema asiandike. Hilo naapa, hakuna aliyemkataza. Si Mfaddal alichovya kalamu, akaikung'uta kwenye mdomo wa chupa, akairudisha kwenye karatasi, ncha yake mwisho kabisa wa neno la mwisho. Moyo wangu ulikuwa unaniambia, anaandika, anaandika, Mungu mkubwa, anaandika.

Akavuta kistari. Kirefu, chembamba, kimenyooka, mpaka ukingoni mwa ukurasa.

Kisha, bila kuinua macho, akanyoosha mkono wa kushoto upande wangu akaomba stempu. Nami nikampa.